Vifungo vya Shati la Kanisani

Koku mwanangu,

Kama mama yako amefanya nilivyomwomba, amekupa bahasha hii honi ya mwisho ikilia, na sasa unasoma meli ikiwa imeshaiacha Kemondo. Vizuri. Ikishatoka hapo haisimami tena mpaka Mwanza, na wewe kuogelea hujui. Nimesubiri ufike mahali ambapo huwezi kugeuza ndipo nikuambie ninachotaka kukuambia. Ni woga, najua. Mwalimu mzima, mstaafu, baba wa watu, ninamvizia binti yangu ziwani.

Mwandiko utakushangaza. Wewe soma tu, nitaueleza mwishoni.

Ninaandika mchana huu wa kuamkia safari yako. Mvua inanyesha, wewe na mama yako mmekwenda Muleba mjini kununua lile sanduku. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuwaogopa wanaume wenye maneno matamu, najua mama yako anakumiminia njia nzima, na shangazi yako wa Maruku alishakumiminia kwa simu mpaka salio likamwishia. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka tuongee habari ya mkono wangu wa kulia, na ile video uliyoichukua Jumapili.

Siku mkono ulipokufa hukuwepo. Ulikuwa bwenini ukijiandaa na mtihani wa kidato cha sita, na waliokusimulia wanaruka sehemu fulani kwa kunionea haya. Nilikuwa kibanjani, kwenye migomba yetu, nakata ndizi. Panga likanitoka mkononi, nikacheka, nikainama kuliokota, na mkono ukakataa. Nikauambia, "Wewe, okota!" Kwa sauti kabisa, kama ninasema na mtoto mvivu wa darasa la pili. Halafu na mguu nao ukakataa. Mama yako alinikuta nimekaa chini ya mgomba, mdomo umekwenda upande, najitahidi kumwambia asipige kelele, majirani wasije wakanikuta nimejichafua. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu saa ile, Koku. Majirani.

Hospitalini wakasema ni kiharusi. Kulikuwa na kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, alikuja kitandani kwangu, akanikalisha huku nalalamika, akamwambia mama yako: "Mama, mkifika nyumbani mzee asilazwe tu. Akae, asimame, mkono autumie hata kama haushiki kitu. Na mumrudishe kwangu." Tukaitikia wote, ndiyo, ndiyo, ahsante sana. Tukarudi nyumbani, na nyumbani kuna adabu zake.

Unazijua. Mwenye nyumba akiugua hanyanyui kitu. Analazwa sebuleni wageni wamwone, anafunikwa vizuri, mkewe anakaa karibu naye. Watu wakaja na ndizi zao, maziwa yao, kuku wao, wakakaa wakaguna. Sasa hebu fikiria Ta Felisiani, jirani yetu tunayemjua kwa mdomo, aingie anikute mimi ninahangaika na kikombe, chai inanimwagikia kifuani, na mama yako amekaa pembeni ananitazama. Jua lisingezama kabla kijiji chote hakijasikia kwamba mke wa Mwalimu hana huruma, anamtesa mumewe mgonjwa. Kwa hiyo akanilisha. Alinilisha, akanifuta mdomo, akanigeuza, akanivalisha. Aliyetaka kuona mwanamke anayempenda mumewe angekuja kwetu miezi ile.

Na mimi nilipenda. Hapo ndipo wasimuliaji wako wanaporuka. Maisha yangu yote nimeamka gizani kukimbizana na watoto wa watu, na kahawa, na mbuzi, halafu ghafla naambiwa kwa heshima, "Waitu, pumzika." Nikapumzika. Mkono nikauficha chini ya blanketi nikausahau kabisa. Kurudi hospitalini tukawa tunaahirisha, leo mvua, kesho msiba, mara mguu unauma. Nikasema Mungu akitaka ataninyanyua. Uvivu nikaupa jina la imani, na padri alipokuja na komunyo hakuniuliza swali.

Kisha ukamaliza shule ukarudi, ukanikuta. Sitasahau uso wako mlangoni. Hukulia, ulikwenda moja kwa moja kuchaji simu. Tangu siku hiyo ikawa ni kusoma tu, na kila ulichosoma ulitufasiria palepale kutoka Kiingereza, sisi tumekaa tunakusikiliza kama misa.

"Tata, siku hizi wataalamu wanasema ubongo haufi wote. Sehemu iliyo hai inaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa. Ila haijifunzi kwa kupumzika, inajifunza kwa kurudiarudia, tena kazi yenyewe ya kila siku, siyo kunyoosha mkono hewani tu." Ulikuwa umechangamka. Mama yako alikuwa ananilisha ndizi na maharage. "Wanasema ile miezi ya kwanza ndiyo..."

Macho yako yakaenda kwenye kijiko.

"Ndiyo nini?" mama yako akauliza.

"Basi tu, mama. Ni muhimu."

"Ndiyo nini, Kokugonza?"

"Ndiyo mlango unakuwa wazi zaidi. Mkono ukitumiwa mapema."

Mama yako akakilaza kijiko kwenye sahani, taratibu, akasema anakwenda kuwaangalia mbuzi. Mbuzi tulikuwa tumeshawauza. Wewe ukakimbilia chumbani kwako, mimi nikabaki na sahani magotini, njaa inaniuma, nikimsikiliza mke wangu akilia jikoni. Toka siku ile hajanilisha tena. Hata maji hanipi bila kuuliza kwanza, "Nikusaidie au nisikusaidie?" Anauliza kwa sauti ndogo, utadhani ni mgeni kwake mwenyewe. Koku, swali hilo linaniua kuliko kiharusi.

Sikulaumu. Ungefanya nini, ungeukata ukweli katikati? Lakini huko chuoni Moshi, unakokwenda kusomea tiba hii, mtasoma mengi ya kweli, na baadhi yake yatamfikia mtu akiwa ameshachelewa. Siku utakapokaa mbele ya mke wa mtu, kijiko kimo mkononi mwake, mkumbuke mama yako kabla hujafungua mdomo. Useme, lakini umkumbuke.

Ndipo ukampata yule dada wa kwenye simu. Mpaka leo sijui urefu wake, nimemwona uso na mabega tu, yuko Mwanza anatibu na huku anawaelekeza watu wa mbali kwa video. Alisema wenzake wengi sasa wanahangaika na swali moja, kwamba kwetu wataalamu ni wachache na njia ni ndefu, je, mtu wa nyumbani akifundishwa vizuri anaweza kufanya kazi hii? Wewe ukajibu unaweza hata kabla hajamaliza. Akatuambia habari ya kufunga mkono mzima ili ule mbovu ulazimike.

Ulikuja asubuhi yake na soksi yako ya mpira na kipande cha kanga. Ukapiga magoti mbele ya kiti changu. "Tata, itabidi nikufunge wa kushoto. Samahani." Nikautazama ukuta. Wote wawili tulikuwa tunalijua lile jambo.

Ulikuwa darasa la kwanza, shuleni kwangu, na ulikuwa na mashoto. Wageni walikuja kuhani msiba wa bibi yako, ukatumwa kupitisha kikapu cha akamwani, kahawa zetu za kutafuna, ukamnyooshea mzee mmoja wa ukoo kwa mkono wa kushoto. Mzee akaurudisha mkono wake. Hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Jumatatu nikakufunga mkono huo mgongoni kwa kamba ya mgomba, mbele ya darasa zima, wasije wakasema Mwalimu anawanyoosha watoto wa wenzake na wa kwake anamwacha. Nilifanya hivyo muhula mzima. Ulijifunza kuandika kwa wa kulia, tena kwa mwandiko mzuri. Ila muhula wote hukufungua mdomo darasani, nami kwenye ripoti yako nikaandika "mtulivu". Hata leo ukidhani upo peke yako jikoni unamenya ndizi kwa kushoto. Huwa nakuona.

Fundo lako la soksi lilikuwa laini, tena uliniuliza kama linabana. Mimi la kwangu sikuuliza. Nisamehe, mwana wange. Nimechelewa kusema, lakini katika nyumba hii mengi yamechelewa.

Basi tukaanza, na ulikuwa mkali, sijui umerithi kwa nani! Kila asubuhi soksi. Nichambue maharage. Nitenge kahawa mbovu na nzuri. Msimu wa senene ulipoingia ukanimwagia sinia zima niwanyonyoe mbawa na miguu kwa mkono wa kulia. Niliwaponda nusu, mama yako akasema mwaka huu tutakunywa uji wa senene, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu siku ya kijiko. Halafu kile kioo. Eti nikiweke katikati ya mikono, nitazame wa kushoto unavyocheza ndani ya kioo, ubongo udanganyike ni wa kulia. Ta Felisiani akatukuta, akaenda kutangaza kwamba Mwalimu kiharusi kimempanda kichwani, anakaa siku nzima akijitazama uzuri wake.

Na kweli, mkono uliamka. Tusiukane ukweli huo. Kidole gumba kilisogea, kiganja kikafunguka, nikaweza kushika kitasa cha mlango. Siku niliposhika kitasa ulipiga vigelegele, wewe usiyejua kupiga vigelegele. Mguu nao ukarudi, natembea na fimbo mpaka kanisani. Hayo yote ni kazi yako na sikunyang'anyi.

Jioni moja ukanionyesha kwenye simu mambo ya ng'ambo. Mtu wa rika langu amevalishwa mkono wa chuma, mashine inausogeza wa kwake mara nyingi kuliko binadamu anavyoweza kuvumilia. Mwingine kashikiwa sumaku kichwani kuuamsha ubongo. Mwingine anacheza mchezo wa kompyuta, anadaka samaki wasiokuwepo. Ukaniambia hata wenyewe bado wanabishana ni kipi kinasaidia kweli na kwa nani. Nilikwenda kulala mapema siku ile, ukadhani nimechoka. Nilikuwa nalia. Sikulilia mashine, nililia kwamba yule mtu alianza mazoezi hospitalini kabla hajarudishwa kwake, na mimi nilianzia kwenye blanketi. Wakikuambia huko kwamba sisi wa kibanjani soksi inatutosha, usikubali haraka. Soksi ni nzuri. Lakini tuliitumia kwa kukosa.

Sasa nafika kwenye shati.

Tangu Pasaka mkono haujasogea. Wewe unajua, ila hutaki kujua. Yule dada wa Mwanza alisema kwa upole, "Mzee, kuna wakati mkono unatulia. Tuendelee, lakini tuanze pia kuangalia namna ya kuishi nao ulivyo." Ukakata simu. Ukasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Koku, nilikuwa bado nauona uso wake umeshangaa.

Mwaka jana nafasi ya chuo ilikuja ukaiacha kwa ajili yangu. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukuomba ubaki, usidhani sikujua. Mwaka huu imekuja tena, nasi wote tunafahamu haitakuja mara ya tatu. Ukasimama hapo mlangoni ukatangaza: "Siendi mpaka Tata afunge vifungo vya shati lake la kanisani mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Akivifunga, najua nimemwacha mzima." Bojo! Wewe na mama yako kwa ukaidi!

Nikajaribu. Mungu ni shahidi nilijaribu, hata ukiwa umelala nilikuwa nalo kitandani. Kifungo kinafika kwenye tundu, vidole vinatetemeka, kinarudi. Siku za kuripoti zikakaribia. Jumamosi ulipokwenda mazoezi ya kwaya mama yako akaingia na wembe, sindano na uzi. Hakuniuliza "nikusaidie au nisikusaidie". Akakaa, akalikunja shati magotini, akayapanua matundu yote, akashona kingo zake vizuri kama fundi, na vifungo akavilegeza uzi viwe virefu. Nikamwambia, "Huu ni uongo." Akasema, "Nilimfungia mume wangu mlango kwa kijiko. Mtoto simfungii." Akakata uzi kwa meno.

Jumapili ukashika simu, nami nikafunga. Kifungo cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Ulilia, ukanikumbatia fimbo ikaanguka. Ukasema, "Tata, hii ndiyo ya kwanza nitakayowaonyesha walimu wangu! Mkono uliokaa bure miezi yote ile umerudi kwa mazoezi ya nyumbani!" Ukaenda kupanga nguo zako ukiimba. Nikamtazama mama yako, naye akainama kuokota fimbo.

Nilikuwa nimeamua kuufia uongo huo. Uongo wenyewe ulikuwa umekutoa nyumbani, ungetakiwa ufanye nini tena? Lakini nimekaa nao siku hizi na nimeona unakokwenda. Wewe hutaishia kuwaonyesha walimu. Utafanya utafiti, nakujua, utataka uandike. Na siku moja mama mmoja mahali fulani, Bumbire huko kisiwani au popote, atawekewa video ile mbele yake. Ataambiwa, tazama, huyu alichelewa na bado mkono ulirudi, ni juhudi tu. Atakwenda nyumbani atamkazania mumewe, na mkono wa mumewe utakataa, kwa sababu umekufa kama wangu. Halafu atakilaza kijiko chini, aende kuwaangalia mbuzi ambao hawapo. Siwezi, Koku. Nimeshaona mmoja akilia hivyo, sitaki kumliza mwingine kwa shati langu.

Kwa hiyo video ile ifute, au uionyeshe na ueleze matundu. Mnaiita utengamao kazi yenu hii, kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Basi mniandike nilivyo. Niliyefikia hapa nikakwama.

Tena, kwa nini vifungo? Vifungo ulivitaka wewe. Mimi hukuniuliza, na siku hizi, uliwahi kunisomea mwenyewe, mnatakiwa kumwuliza mgonjwa anataka kurudia kitu gani. Mimi nilitaka jambo moja tu. Mgeni aingie nyumbani kwangu, nimpe kahawa kwa mkono wangu. Tangu niugue kikapu anakipitisha mama yako, mimi nimekaa hapo mwenye nyumba nisiye na nyumba.

Saa moja iliyopita Ta Felisiani alikimbilia hapa kuikwepa mvua. Nilikuwa peke yangu. Nikasema liwalo na liwe. Nikakiweka kikapu juu ya kiganja cha kulia, kile kilichokufa, nikakishika kifundo cha mkono huo kwa wa kushoto, nikavinyanyua vyote pamoja. Kikatetemeka. Kahawa zikaanza kumwagika sakafuni.

"Mwalimu, acha, nitachukua mwenyewe," akasema.

"Kaa chini, Felisiani. Pokea."

Akakaa. Akapokea kwa mikono miwili, lakini alitazama ukutani, hakunitazama usoni. Akatafuna, mvua ikapungua, akasema pole Mwalimu, akaondoka. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nimezoea kuota siku hiyo ikiwa nzuri zaidi. Nikabaki naokota kahawa chini, kwa mkono wa kushoto.

Hii sasa ndiyo habari ya mwandiko. Miezi yote hii ulipokuwa unakwenda kuteka maji ukidhani nasoma gazeti, nilikuwa nalo daftari la mraba la mtoto, najifunza a, e, i, o, u kwa mkono wa kushoto. Mama yako alikuwa analinda mlango. Barua hii yote nimeiandika kwa mkono huo, ule uliokuwa unaufunga soksi. Tazama herufi zinavyoinama nyuma. Nilipoanza kuziona nilishtuka, nikaenda kulitafuta daftari lako la kwanza kabisa, la kabla ya ile kamba. Ni zilezile.

Mkono wako ule nakurudishia. Ukikaa darasani huko, ukiona unataka kutoka, uache utoke.

Usirudi ukifika Mwanza. Ukikasirika, kasirikia kwenye basi la Moshi. Mimi sitapona zaidi ya hapa, nimeshakwambia, na huna tena cha kusubiri kwangu. Mama yako nitamwambia leo aniletee maji bila kuuliza, nami nitayanywa bila mafundisho. Tutazeeka hivyo, si vibaya sana. Nyumba itakuwa kimya na nitakulilia, hilo nalo usilifiche kwenye utafiti wenu.

Nilitaka kuifunga barua kwa jina langu, kwa mkono wa kulia, kama heshima inavyotaka. Nimejaribu bila soksi, bila kioo, bila matundu yaliyopanuliwa na bila mtu kunishika. Huo mchirizi hapo chini siyo wino uliomwagika. Huo ndio uwaonyeshe walimu wako.

Baba yako,